Barabara ni Mali ya Nani?

Mgeni afikaye Uholanzi siku hizi hustaajabu. Asubuhi huwaona wafanyakazi, wanafunzi, akina mama waliopakia watoto mbele na nyuma, wazee wa miaka sabini na wakubwa wa Serikali, wote juu ya baiskeli. Nchi ile ina watu wapatao milioni 18, na baiskeli zake zapita milioni 22. Katika safari zote wanazofanya wananchi wake, zaidi ya robo hufanywa kwa baiskeli. Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2010 hata 2024, alionekana mara nyingi akienda kazini kwa baiskeli, wala hapana aliyemdhania kuwa amefilisika.

Wapo wasemao kuwa hiyo ni tabia tu ya Waholanzi. Kwamba nchi yao ni tambarare, nao wamezaliwa hivyo. Sisi hatukubali. Ni kweli nchi yao ni tambarare, ijapokuwa upepo wa bahari humchosha mpanda baiskeli kama vile mlima. Lakini nchi tambarare ni nyingi duniani, na katika nyingi za hizo mpanda baiskeli husukumwa mtaroni. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo twataka kueleza ni nani waliounda, maana habari hii yamhusu mfanyakazi wa kila nchi.

Mwanzoni baiskeli ilikuwa kitu cha matajiri. Chama cha wapanda baiskeli kilichoundwa mwaka 1883, kiitwacho ANWB, kilikuwa chama cha mabwana wenye nafasi, na njia ya kwanza ya baiskeli, ile ya Maliebaan katika mji wa Utrecht, ilifunguliwa mwaka 1885 kwa ajili ya matembezi yao. Bei zilipopungua, baiskeli ikashuka mikononi mwa makabwela. Fundi akaenda nayo kiwandani, karani ofisini, na mtumishi wa nyumbani sokoni. Mabwana, kwa upande wao, wakahamia katika motokaa, na ANWB yenyewe ikageuka polepole kuwa chama cha wenye motokaa.

Hapo ndipo Serikali ya wakati huo ilipomkumbuka mpanda baiskeli, si kwa kumsaidia, bali kwa kumtoza. Mwaka 1924 ilianzishwa kodi ya baiskeli ya gilda tatu kwa mwaka, na kila aliyelipa alipewa kibati cha kubandika katika baiskeli yake. Wasomaji wetu wenye umri hawatashangaa, maana kodi ya baiskeli waliijua hata huku kwetu. Sehemu ya fedha hizo iliingizwa katika mfuko wa kujengea barabara, na barabara zenyewe zikazidi kutengenezwa kwa kumfikiria mwenye motokaa. Ndiyo kusema, maskini alichangia njia ya tajiri.

Lakini lililo baya zaidi ni hili. Wasiokuwa na kazi walipewa kibati bila malipo, ila kibati chao kilitobolewa tundu, ili kila awaonaye ajue kuwa hao ndio wanaokula msaada. Kodi hiyo ilikaa mpaka mwaka 1941, nayo ilifutwa na majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yameitwaa nchi. Na majeshi hayo hayo yaliyofuta kodi yalianza mwaka 1942 kuwanyang'anya watu baiskeli zenyewe. Waliobaki nazo walikosa mipira, wakafunga magurudumu kwa vipande vya mbao. Uchungu wa jambo hilo haukusahaulika. Miaka mingi baada ya vita, mashabiki wa kandanda wa Uholanzi waliendelea kuwataka Wajerumani, kwa mzaha, warudishe baiskeli za babu zao.

Baada ya vita ulikuja utajiri, na pamoja na utajiri ikaja motokaa. Wakuu wa miji waliamini kuwa maendeleo ni kupisha motokaa, na kila kizuizi kiondolewe. Mwaka 1954 mkuu wa polisi wa Amsterdam, Kaasjager, alishauri mifereji ya mji ule ifukiwe, motokaa zipate mahali pa kupita na kusimama. Mwaka 1967 mtaalamu Mmarekani, Jokinen, alileta mpango wa kuingiza barabara kuu mpaka ndani ya mji, na mtaa wa wafanyakazi wa De Pijp ubomolewe. Tazama hapo, ndugu msomaji: kila mpango wa kumpitisha tajiri upesi huhitaji nyumba ya maskini.

Wako waliopinga. Mwaka 1965 vijana wa kundi la Provo walipaka rangi nyeupe baiskeli wakaziacha barabarani bila kufuli, apande atakaye. Polisi walizichukua, kwa sababu sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kuifunga. Wengi waliona huo ni utoto. Lakini swali waliloliuliza vijana wale halikuwa la kitoto: je, mji ni wa watu au ni wa mashine?

Jibu lilikuja kwa damu. Katika mwaka 1971 pekee waliuawa barabarani zaidi ya watu 3,000, na miongoni mwao watoto zaidi ya 400, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 13 tu. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff alikuwa mmoja wa wazazi waliofiwa. Mwaka 1972 aliandika katika gazeti la De Tijd makala yenye jina kali: Komesheni Mauaji ya Watoto. Hakuiita ajali. Aliiita mauaji, na wazazi wenziwe wakamwelewa.

Likazaliwa shirika lenye jina hilo hilo, likiongozwa kwanza na mama kijana, Maartje van Putten. Wazazi na watoto walifunga mitaa ili watoto wapate kucheza. Wakakaa barabarani mahali walipouawa wenzao. Wakaenda kuimba mbele ya nyumba ya Waziri Mkuu, Joop den Uyl, naye akatoka kuwasikiliza. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipoinyima Uholanzi mafuta, Serikali ilipiga marufuku motokaa siku za Jumapili kuanzia tarehe 4 Novemba. Kwa majuma machache watu walizunguka kwa baiskeli hata katika barabara kuu, wakaonja utulivu waliokuwa wameusahau. Mwaka 1975 ukaundwa umoja mpya wa wapanda baiskeli wenyewe, ambao wanachama wake walipita mtaa kwa mtaa, wakaandika kila mahali pa hatari na kuwapelekea wakuu wa miji.

Serikali haikuweza tena kuziba masikio. Njia za majaribio zilijengwa Tilburg na Den Haag. Huko Den Haag wenye maduka walilalamika kuwa wateja wenye motokaa watawakimbia, lakini kazi iliendelea. Mji wa Delft ukaonyesha kuwa njia moja nzuri haitoshi, bali njia zote ziungane, kutoka mlangoni kwa mtu mpaka kazini kwake. Mwaka 1976 sheria ilitambua mitaa ya makazi ambamo motokaa hutembea kwa mwendo wa mtu na mtoto hucheza kwa haki. Leo, motokaa ikimgonga mpanda baiskeli, sheria huanza kwa kumwajibisha mwenye motokaa alipe hasara, maana ndiye aliyeleta chombo kizito barabarani. Katika Utrecht, chini ya kituo cha gari moshi, pako mahali pa kuweka baiskeli 12,500, palipokamilika mwaka 2019. Na watoto waliouawa barabarani, waliopita 400 mwaka 1971, hawakufika 20 mwaka 2010.

Hatusemi kwamba Uholanzi imekuwa peponi. Mwaka 2022 walikufa wapanda baiskeli 291, wengi kuliko waliokufa ndani ya motokaa. Wengi wa marehemu walikuwa wazee, na baiskeli za umeme, ambazo sasa zanunuliwa kwa wingi sana, zimeongeza mwendo katika njia zilizojengwa kwa ajili ya nguvu za miguu. Tena imezuka aina mpya ya unyonyaji. Makampuni ya kupeleka vyakula majumbani yalimpandisha kijana baiskeli, yakamwambia kwamba yeye si mfanyakazi bali ni mfanya biashara anayejitegemea. Kwa hiyo hana likizo, wala malipo ya ugonjwa, wala mahali pa kulalamika. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, FNV, lilipeleka mashtaka, na mwezi Machi 2023 mahakama ya juu kabisa ilihukumu kwamba wachukuzi wa Deliveroo walikuwa waajiriwa. Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha ondoka nchini mwaka uliotangulia. Hata hivyo hukumu ilibaki, nayo ni silaha mikononi mwa wengine.

Twajifunza nini? Kwanza, barabara si zawadi ya mwenyezi, wala umbo lake halikuandikwa katika udongo wa nchi. Barabara ni uamuzi wa watu, na uamuzi waweza kugeuzwa. Pili, mtaalamu ajuaye saruji na lami hatatuuliza kama twapenda watoto wetu wavuke salama, ila tukimlazimisha aulize. Tatu, haki iliyopatikana jana yahitaji mlinzi leo, maana unyonyaji hubadili vazi tu.

Kuna kosa moja ambalo hutufikia hata sisi: kumwona mtu wa baiskeli au wa miguu kuwa ni mtu aliyeshindwa, na mwenye motokaa kuwa ndiye aliyeendelea. Waholanzi nao waliwahi kuifuata fikira hiyo, nayo iliwagharimu watoto wao. Mfanyakazi atokaye nyumbani alfajiri kwa baiskeli, akafika kazini kwa wakati na kurudi kwa wanawe salama, amekwisha endelea. Kilichobaki ni nchi kumwekea njia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Baba mmoja aliyefiwa aliandika makala moja. Kama wengine wangaliisoma na kuikunja, isingalibadili kitu. Walitoka mitaani, wakaungana, na barabara ikarudi kwa wenyewe.

Basi, ukiulizwa barabara ni mali ya nani, jibu kwamba ni mali ya wote waipitao, na aliye mnyonge kuliko wote ndiye apaswaye kufikiriwa kwanza.