Kabati la mninga lilivyoniumbua

Wiki hii nakula sahani moja na wale wanaojifanya wanaweza kila kitu peke yao. Kiongozi wao ni mimi mwenyewe.

Basi bwana, nimehamia kachumba kangu hapa Usevya. Baada ya kujinyima miezi kadhaa, nikachukua kabati kwa fundi seremala. Siyo la mbao za mchezo, ni mninga, mti wa miombo ya huku huku kwetu Katavi. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu hufika takriban kilo 600! Kijana wa mkokoteni akalishusha uani, akachukua chake, akachapa ng'ombe wake huyoo.

Kuita msaada nikaona noma. Siyo maringo. Wakati wa mavuno jirani alinigongea nikamsaidie kuingiza magunia ya mpunga. Nikazima redio, nikajifanya sipo. Sasa nimwite kwa sura gani?

Nikajitosa peke yangu. Yakikukuta na wewe, ufundi ni huu. Pima mlango kabla hujamlipa fundi. Toa droo na milango ya kabati, uzito upungue. Inua upande mmoja, pitisha gunia kuukuu chini yake, kisha upande wa pili, halafu vuta taratibu. Kwenye sakafu ya saruji litateleza. Ukipata vipande vitatu vya bomba, liviringishe juu yake, kila bomba linalobaki nyuma unalirudisha mbele. Ukinyanyua, kunja magoti, usikunje mgongo. Na penye ngazi, usikae upande wa chini ukiwa peke yako.

Hilo la mwisho nimelijua kwa kulipia. Nilikuwa nalisukuma kutoka chini, likagoma kizingitini, likaanza kunirudia kifuani. Kulipandisha siwezi, kuliachia siwezi, nikiliachia linanilalia. Nimelikumbatia kama mchumba, miguu inatetemeka, jasho linaingia machoni. Hapo ujanja wote kwisha. Nikapiga kelele, na jina lililonitoka ni la yule yule wa magunia.

Alikuja mbio na kandambili zake, hakuuliza kitu. Akatia bega. Moja, mbili, tatu, ndani!

Nikaanza kujikanyaga: "Kaka, unajua ile siku ya mpunga..."

"Ile siku redio yako uliizima ghafla mno, mdogo wangu," akanikata. Akacheka, akaenda zake.

Kumbe alijua siku zote, na bado alikuja.

Kabati limekaa, ingawa nguo zenyewe za kuweka ni tatu. Jumamosi jirani anapeleka mpunga mashineni, na safari hii sijasubiri kugongewa, nimekwenda mwenyewe kumwambia nipo. Kidole kimoja hakivunji chawa, jamani. Na wewe unayezima redio, siku kabati lako likikwama mlangoni utamwita nani?

Tuonane wiki ijayo.