Waanikaji wa Dagaa Nao Waulizwe

Asubuhi ya mwaloni, iwe Katonga au Kibirizi, haimsubiri mtu. Vyombo vikirejea na dagaa wa usiku kucha, kina mama hununua na kuwatandaza mchangani au juu ya vichanja, wapate jua la siku nzima. Siku hiyo ikipotea, dagaa huharibika, na fedha iliyokopwa katika kikundi hupotea pamoja nao. Basi mkutano wa mtaa ukiitwa saa tatu ya asubuhi hiyo hiyo, mwanikaji hana njia ya kuuhudhuria. Baadaye ataelezwa yaliyokwisha kuamuliwa juu ya ushuru, usafi wa mwalo na mahali pa kuanikia.

Ndugu msomaji, kupewa taarifa ni jambo moja, na kutakwa ushauri ni jambo jingine. Tuchukue kufungwa kwa Ziwa Tanganyika mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Tusieleweke vibaya: hatuna ugomvi na shabaha yake. Samaki wamepungua, na nchi nne zenye ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kuwapa nafasi ya kuzaliana. Ziwa ni la wajukuu pia. Lakini miezi mitatu ni mingi kwa nyumba inayokula kwa dagaa. Idi Kubwa ya mwaka ule ilikuja katikati ya Juni, ziwa likiwa limefungwa. Marejesho ya kikoba hayakufungwa pamoja na ziwa, wala mahitaji ya watoto. Nani aliyekuwa na hesabu ya mambo haya, shilingi kwa shilingi? Ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama. Daftari lake lingeweza kuonyesha mapema nani atakwama, na kwa kiasi gani. Daftari la namna hiyo linastahili kufunguliwa mezani kabla ya uamuzi, si baada yake.

Milango ipo. Kijijini, mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Mjini Kigoma na Ujiji mlango wa kwanza ni mkutano wa mtaa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 nayo imetoa nafasi kwa vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, vile tunavyoviita BMU, na humo si mwenye chombo peke yake aliye mtu wa mwalo. Mchuuzi na mwanikaji ni wa mwalo vilevile.

Linalotushangaza ni kwamba kikundi hufahamika vizuri sana linapokuja suala la mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, tena bila riba, jambo ambalo familia zetu zinalithamini. Hapo kikundi hutakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe na viongozi na akaunti. Likija suala la kupanga, usajili ule ule haumwiti mtu. Anajulikana kama mkopaji, hajulikani kama mshauri.

Lawama nyingine ni yetu. Mitaa ya Ujiji haikosi vyama vya kufa na kuzikana, vinavyoweza kukusanya fedha ya sanda kabla jua halijazama. Vyama hivyo hivyo havipeleki hoja hata moja mkutanoni; kila mwanachama huenda kivyake, kama anakwenda. Baba naye akihudhuria hudhani amemwakilisha mkewe, ilhali hajui anadaiwa kiasi gani katika kikundi. Sisi ambao Qur'ani yetu ina sura iitwayo Ash-Shura tuna udhuru gani?

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na makisio ya halmashauri hupitishwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Anayekuja na ombi mwezi Juni amechelewa. Tunashauri kila kikundi kikae mapema, kiandike karatasi moja: wanachama wangapi, madeni kiasi gani, na ombi moja tu. Ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala kwa diwani, na msomaji wake awe mwanikaji mwenyewe. Mkutano ukifanyika, hakikisheni hoja imeandikwa katika muhtasari. Na ombi la kwanza kabisa liwe hili: mkutano uitwe baada ya sala ya Alasiri, dagaa wakiwa wameshaanuliwa.