Tahariri: Huo Si Utani

Imekuwa ada miongoni mwetu, watu wa Handeni na Korogwe tuishio ng'ambo, kwamba binti akiwashitakia wazee maudhi anayoletewa simuni, aghalabu na mtu aliyejuana naye tangu shuleni, hawakosekani wa kumwambia kuwa ni utani tu, yaishe. Nasi tuliokulia katika utani, tuliomwona mtani akiingia msibani Mombo au Kabuku akawachekesha wafiwa, kisha akashika jembe kwenda kuchimba kaburi, twaona haya jina hilo kutumiwa hivyo. Mtani huja mchana, uso wazi, na mtaniwa ana haki ya kumjibu. Ama yule atumaye vitisho usiku wa manane kwa laini ngeni, akiahidi kuzifikisha picha za mtu hadi kwa mama mkwe, huyo hana utani na mtu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, katika kifungu cha 23 imeharamisha kumpelekea mtu ujumbe kwa dhamira ya kumshurutisha, kumtisha, kumbughudhi au kumtia simanzi, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. (Kifungu cha 16, kihusucho habari za uongo, kimelalamikiwa na watetezi wa uhuru wa kusema, na kwa maoni yetu wana hoja, lakini lawama hiyo haikihusu cha 23.) Wala umbali si kinga, kwani mahakama za Tanzania zina mamlaka juu ya kosa lililotendwa nchini japo kwa sehemu, na aliyeko Uingereza anayo pia sheria ya huko ya mwaka 1997 dhidi ya maudhi, ambayo kwayo mahakama yaweza kumwamuru mwenye kuudhi akome.

Yote hayo, hata hivyo, yahitaji ithibati, na hapo ndipo wengi hujiponza: kwa kutahayari, binti huufuta ujumbe kabla hakujapambazuka, kumbe amemfuta shahidi wake. Auache simuni pamoja na namba, tarehe na saa yake, aupige picha bila kukata pembeni, asirudishe tusi kwa tusi, kisha aichukue simu yenyewe hadi polisi wa mji anaoishi. Na aliyeko nyumbani aulizie Dawati la Jinsia na Watoto kituoni polisi.

Wazee wetu, twawasihi: mletewapo shauri kama hili, msimtake binti asamehe kabla hamjamwuliza kama ujumbe bado anao.