Dumu Moja kwa Tani ya Udongo

Wapo wanaocheka wasikiapo kwamba mataifa makubwa yanatafuta maji katika udongo wa Mwezi na wa sayari ya Mirihi. Sisi hatucheki. Mtu wa kisiwani, aliyezungukwa na maji asiyoweza kuyanywa, hana haki ya kuibeza shughuli hiyo.

Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba chombo chao Curiosity kiliuchoma udongo wa Mirihi hadi nyuzi 835 za Selsiasi, na yapata asilimia 2 ya uzito wake ikatoka kuwa mvuke wa maji. Basi tani nzima ya udongo, ichimbwe, ichomwe, na mvuke wake upozwe, itatoa kama lita 20: dumu moja, lile lile wanalojitwika mama zetu kutoka kisimani. Wala dumu hilo halinyweki papo hapo, kwani udongo wa huko una chumvi za pakloreti, zilizogunduliwa na chombo Phoenix mwaka 2008, ambazo hudhuru tezi ya shingo. Penye barafu mavuno yatazidi, ila kuifikia ni taabu. Machi 2025 chombo kilichochukua keekee karibu na ncha ya kusini ya Mwezi kilitua kikalala ubavu, na keekee haikutoboa kitu.

Kwa kuwa kila lita ni ghali kuipandisha angani, wakaao katika kituo cha kimataifa huko juu hurejesha maji ya jasho na hata ya mkojo. Mwaka 2023 walifikia asilimia 98.

Mitambo hiyo hatuiombi. Tunachokitamani ni ile hadhari ya kupima kwanza. Maji yetu matamu ni mvua iliyojikusanya ndani ya mawe ya matumbawe, ikielea juu ya maji ya bahari. Pampu ikivuta kupita kiasi, bahari hupanda, na kisima kilichokwisha kuingia chumvi hakirudi upesi. Hilo wazee wa pwani walilijua kabla ya pampu, ndiyo maana walichota kwa kiasi.

Kwa hiyo twawaomba wakubwa wanaohusika: chumvi ya visima vya umma ipimwe kila mwezi, na matokeo yabandikwe kwa sheha, watu wayasome. Hoteli mpya nazo ziandikishe lita zitakazovuta kabla ya kupewa kibali, si baada ya wageni kufika.