Umepata Jiko, Lakini Jiko Gani?

Mwezi huu wivu na mawifi tunaviweka pembeni, tunaingia jikoni. Na nyinyi akina kaka msikimbie, maana mada hii ni yenu khasa.

Kwetu mwanamume akioa tunasema kapata jiko. Harusi ya nguvu, ukumbi wa nguvu, gari limejaa maua. Wiki mbili baadaye bibi harusi yuko uani anapepea mkaa, macho mekundu kama kalia. Hebu niambie, hapo umepata jiko au umepata moshi?

Watu wakizungumzia miji kupunguza hewa ukaa, akili zetu zinakimbilia kwenye magari na viwanda. Kwa Mji wa Zanzibar, anza na polo la mkaa. Wengi wenu Makunduchi mnaijua kwa Mwaka Kogwa tu, kila Julai. Safari hii mkipanda daladala 310, mkishaipita Jozani tazameni dirishani: vichaka vimeota juu ya mawe, na miti yake hukua polepole mno. Vichaka vya huku Kusini ni miongoni mwa vinavyokatwa ili mjini wapike. Na kwenye tanuri la kienyeji, kilo 1 ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Yaani sehemu kubwa ya mti imeshakuwa moshi kabla mkaa haujafika uani kwako.

Rais Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1960, ameivalia njuga habari hii. Mei 2024 alizindua mkakati wa kitaifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mwezi huohuo alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu kupika Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Safi sana. Lakini Paris hawatakuja kukununulia mtungi wa gesi.

Tatizo la nyumba nyingi ni hili: mkaa unanunuliwa kwa kopo, kutoka kwenye pesa ya matumizi anayoachiwa mke asubuhi. Mtungi na jiko lake vinataka pesa ya mkupuo, na hiyo anayo mume. Mwenye pesa kubwa hapiki, anayepika hana pesa kubwa. Moshi unabaki palepale.

Basi leo usiku kaeni wawili, zimeni televisheni, mhesabu mkaa wa mwezi mzima. Msishangae jibu likiwashtua. Kama bado mnapanga harusi, mtungi uingie kwenye bajeti kabla ya ukumbi. Kama mmeshaoana, upatu ukiwaangukia mnajua pa kuanzia.

Najua kuna atakayeuliza: wali utapaliwaje bila makaa juu ya mfuniko? Sawa, siku ya biriani waseni. Lakini chai, uji na maji ya kuoga vya kila siku vina haja gani ya mkaa? Maharage kwenye sufuria ya umeme ya presha hayamalizi hata uniti moja ya Tukuza. Umeme wetu wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Bara, na huko bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha umeme wa maji tangu 2024. Gesi nayo hutoa hewa ukaa, tusidanganyane, ila haikati mti wala haimkoshi mkeo usingizi kwa kikohozi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Kaka, maua ya Valentine hunyauka kwa siku tatu. Mnunulie mapafu.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.