Tumetoa sadaka ya tangi, nani atatoa sadaka ya kulisafisha?

Kila sifa njema ni yake Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, makala yetu ya Ijumaa ya leo inahusu jambo ambalo wengi wetu tunaligusa mara tano kwa siku na hatulifikirii hata mara moja, nalo ni maji yaliyolala ndani ya matangi na mabomba ya misikiti, madrasa, nyumba za wageni na majumba yetu.

Siku za karibuni tulialikwa Makurunge, wilayani Bagamoyo, katika hafla ya vijana waliohitimu kuisoma Qur'ani. Adhuhuri ilipoadhiniwa tulikwenda kwenye mabomba ya msikiti kutawadha. Maji yalikuwa vuguvugu kama yaliyoinjikwa jikoni, na viganjani yaliacha utelezi. Baada ya sala tulimuuliza mzee mwadhini ni lini tangi lile lilisafishwa mara ya mwisho. Akatujibu kwa unyoofu: "Sheikh wetu, tangi hili tuliletewa na mfadhili, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Tangu lipandishwe juu ya mnara ule, halijashuka, wala hakuna aliyepanda."

Kijana mmoja akapanda. Kifuniko kilikuwa kimepasuka. Maji kwa juu yalionekana maangavu, lakini chini palikuwa na tope la kina cha kiganja, mende waliokufa walikuwa wakielea, na kuta za ndani zilikuwa zimevaa utando wa kijani unaoteleza. Mzee alishtuka, akauliza swali ambalo mcha Mungu yeyote angeliuliza: "Je, Sheikh, udhu wetu wa miaka yote hii ulisihi?"

Tulimjibu kuwa ulisihi, na tunalirudia jibu hilo hapa ili asiwepo wa kutiwa wasiwasi katika ibada yake. Katika fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo isomwayo katika madrasa zetu za pwani, maji yanayofikia kulla mbili, kiasi cha lita 200 hivi kwa makadirio ya wanazuoni wa zama hizi, hayanajisiki mpaka najisi ibadilishe rangi, ladha au harufu yake. Wadudu wasio na damu itiririkayo wamesamehewa. Hata maji yaliyobadilika kwa sababu ya kukaa muda mrefu, au kwa utando wa kijani uotao majini, yanabaki kuwa tohara.

Lakini hapa ndipo tunapojisahau. Hukumu ya tohara inajibu swali la ibada, nayo haikuletwa ili kujibu swali la afya. Maji yanaweza kuwa tohara na yakaua. Swali la afya linahukumiwa na kanuni nyingine ya sharia, isiyo na udhaifu kuliko hiyo ya kwanza, nayo ni kwamba madhara huondolewa. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, akaamrisha vyombo vifunikwe na viriba vifungwe usiku, na akamfundisha aamkaye usingizini asitumbukize mkono chomboni kabla ya kuuosha. Ukiyatazama mafundisho hayo kwa pamoja, utaona yanazungumzia maji yaliyosimama, chombo kisichofunikwa na uchafu usioonekana, na hayo matatu ndiyo tuliyoyakuta juu ya mnara wa Makurunge.

Sasa tueleze ni nini kinachoishi katika utelezi ule. Mwezi Julai mwaka 1976 askari wastaafu wa Marekani walikutana katika hoteli moja kubwa ya mji wa Philadelphia. Muda mfupi baadaye wakaanza kuugua homa kali na nimonia. Watu 182 waliugua, wengi wao wakiwa wajumbe wa mkutano ule, na 29 kati yao wakafariki. Mwanzoni mwa mwaka 1977 wataalamu walikitambua kiini cha maradhi yale, bakteria ambaye hakuwa akijulikana, wakamwita Lejionela kwa jina la chama cha wale askari.

Bakteria huyu anaishi katika maji, na anastawi katika joto la kati ya nyuzi 20 na 50 za Selsiasi, hasa nyuzi 35 hivi. Hujificha katika utando wa kuta za matangi na mabomba, tena huzaliana hata ndani ya vijidudu vingine vya majini viitwavyo ameba. Hamdhuru mtu kwa kupita tumboni. Humdhuru anapovutwa pamoja na hewa katika matone madogo mno, kama ya bafu la mvua, ya chemchemi za mapambo au ya minara ya kupozea ya majengo makubwa, au pale maji yanapokwenda njia isiyo yake yakaingia mapafuni. Kwa kawaida ugonjwa hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Dalili huanza baada ya siku 2 hadi 10, na walio hatarini zaidi ni wenye umri wa kupita miaka 50, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu. Dawa zipo, ila penisilini si miongoni mwake, hivyo asiyepimwa kwa kipimo chake anaweza kutibiwa nimonia ya kawaida bila ya kupona.

Yuko atakayesema kuwa hayo ni maradhi ya matajiri wenye maghorofa. Tunamwomba atazame tena joto tulilolitaja. Katika nchi za baridi, kanuni ya kwanza ya wataalamu ni kwamba maji ya baridi yabaki chini ya nyuzi 20, na maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60 au zaidi. Nani kati yetu, kuanzia Kaole mpaka Saadani, amepata kuona maji ya bomba yaliyo chini ya nyuzi 20? Tangi la plastiki lililo juani katika pwani yetu linashinda na kukesha katika joto lile lile alipendalo bakteria huyu. Kinga ya baridi waliyonayo wenzetu sisi hatukujaaliwa. Zimebaki kwetu kinga nne tu, nazo ni usafi, klorini, kivuli na mwendo wa maji. Basi tukiziacha hizo tumebaki na nini?

Aidha Lejionela hayuko peke yake. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoani na kuvuka hadi Zanzibar. Kufikia Aprili 2016 nchi yetu ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 24,000 na vifo 378. Kipindupindu huenea kwa kinyesi kuingia katika maji na chakula, na tangi lililo wazi au bomba lililopasuka ni moja ya milango yake. Na huko Karachi, Pakistan, madaktari walitangaza mwaka 2011 habari za wagonjwa 13 waliofariki kwa ameba aingiaye puani na kufika kwenye ubongo. Huyo si bakteria, lakini habari yake inatuhusu mno, kwa sababu wengi wa wagonjwa wale hawakuwa wameogelea popote, na madaktari walielekeza shaka yao kwenye maji ya bomba yaliyopandishwa puani wakati wa udhu. Hatusemi haya ili watu waache kupandisha maji puani, kwani hiyo ni sunna, nayo itabaki kuwa sunna. Tunasema kuwa sunna hiyo inatudai maji salama.

Tukumbuke pia tulikotoka. Misikiti ya zamani ya pwani ilikuwa na birika. Birika lilikuwa wazi mbele ya macho ya kila aingiaye, na likichafuka ilikuwa aibu ya mtaa mzima, kwa hiyo vijana walipangiwa zamu ya kulimwaga na kulisugua. Simtanki limetuletea nafuu kubwa, lakini limeuficha uchafu juu ya mnara ambako hakuna macho yanayoufikia, na zamu ile ikafa pamoja na birika.

Tena haja ya kuhifadhi maji haijapungua. Mtambo wa Ruvu Chini ulijengwa mwaka ule ule wa 1976, nao umeendelea kuinywesha Dar es Salaam na Bagamoyo. Lakini mto una siku zake, na mwishoni mwa mwaka 2022 ulipopungua, mgao ulitangazwa, na kila mwenye uwezo akatafuta tangi. Kwa kawaida wajibu wa mamlaka ya maji unakoma kwenye mita. Maji yakishavuka mita yakaingia katika tangi letu, amana imehamia mikononi mwetu. Klorini iliyotiwa mtamboni nayo hupungua siku baada ya siku kadiri maji yanavyokaa na kupata joto.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila tangi lisafishwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Maji yamwagwe, tope litolewe, kuta zisuguliwe na kusuuzwa. Kisha tangi litiwe maji kiasi cha robo, iongezwe gramu 80 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 50 hadi 70 kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi, na lijazwe. Maji hayo yafunguliwe kidogo yapite katika kila bomba, kisha yaachwe saa 24 bila ya mtu kuyatumia, ndipo yamwagwe mahali salama na mabomba yasuuzwe. Klorini isichanganywe na dawa nyingine yoyote, anayeishika avae glovu na afunike macho, na mtoto asiingizwe ndani ya tangi hata kama ni yeye pekee anayeenea mlangoni. Afisa afya wa kata aombwe asimamie mara ya kwanza.

Pili, tangi liwe na kifuniko kinachofunga na wavu katika bomba la kupumulia, na lijengewe kivuli japo cha makuti. Tatu, maji ya kila siku yabaki na klorini kidogo, kiasi kisichopungua miligramu 0.2 kwa lita yanapofika bombani. Harufu ndogo ya klorini haiyatoi maji katika jina la maji, wala haibatilishi udhu. Nne, maji yasilazwe. Madrasa iliyofungwa kwa likizo, chumba cha wageni kisicholaliwa, bafu lisilotumika, mabomba yake yafunguliwe dakika chache kila wiki. Mwaka 2020, majengo mengi duniani yalipofungwa kwa sababu ya korona, wataalamu walitoa tahadhari hiyo hiyo kabla ya kufunguliwa tena.

Kwa ndugu zetu wenye hoteli za ufukweni, hospitali na viwanda, ambavyo sasa vinaongezeka upande huu wa Bagamoyo, nasaha yetu ni nzito zaidi. Kiyoyozi cha kawaida cha chumbani hakipozwi kwa maji, hivyo si cha kuogopwa kwa jambo hili. Cha kuogopwa ni mnara wa kupozea unaorusha mvuke wa matone hewani. Mwaka 2015 mnara wa hoteli moja mtaani Bronx, New York, uliugusa mtaa mzima, watu 138 wakaugua na 16 wakafariki. Mji ule ukatunga sheria ya kusajili na kukagua minara yote. Hata hivyo mwaka 2025, mtaani Harlem katika mji huo huo, watu 114 waliugua na saba wakafariki. Sheria ni njema, lakini sheria haipandi mnarani kusugua. Anayesugua ni mtu aliyepangiwa siku, akapewa vifaa, na akaulizwa kama amefanya.

Neno letu la mwisho ni kwa wafadhili na kamati za misikiti. Sadaka ya maji ni katika sadaka zenye kuendelea, na kila mmoja wetu anapenda ujira wake uendelee baada ya kufa kwake. Lakini tangi linaloachwa bila mtunzaji ni sadaka iliyokatika katikati. Atoaye tangi na atoe pamoja nalo fungu la kulisafisha. Kamati iteue mtu, na tarehe ya kusafishwa iandikwe kwa rangi ubavuni mwa tangi ili kila anayetawadha aisome. Gharama ya klorini na brashi haifikii gharama ya sufuria moja la pilau katika hafla ile tuliyoalikwa.

Wiki ya pili mzee mwadhini alituletea habari kuwa vijana wale wale waliohitimu ndio waliolisafisha tangi, na kwamba maji ya kwanza yaliyotoka chini yake yalikuwa meusi kama kahawa. Wazee walisimama wakiyatazama, hakuna aliyesema neno. Tunawaomba waumini wa kila msikiti, Ijumaa hii baada ya sala na kabla ya kutawanyika, waulizane swali moja tu: tangi letu lilisafishwa lini?

Wabillahi tawfiq.