Nzi wa maua asipewe jina kwa haraka

Wandugu, wiki iliyopita tulibishana vikali hapa Wandegeya, tumekaa kwenye kibanda cha rolex tukingoja chapati, na tulichobishania ni nzi. Ndiyo, nzi. Mwenzetu alimpiga picha nyuma ya soko, kwenye lile jani lenye mbegu zinazonata kwenye suruali. Waganda wanaliita sere, wengine wetu tunalijua kama kishonanguo. Akaiweka picha kwenye iNaturalist, programu ikapendekeza Eristalis tenax, naye akabonyeza kukubali. Siku mbili baadaye mtu tusiyemjua akalirudisha jina nyuma hadi kwenye familia tu, Syrphidae.

Mwenzetu alikasirika. "Wanatudharau kwa sababu sisi ni wakimbizi!" Lakini yule mtu hakujua sisi ni nani. Aliona picha tu: mgongo, mabawa yamekunjwa, miguu imefichwa na ua.

Msimamo wetu ni huu, na wengine hamtaupenda: yule mtu alikuwa sahihi.

Kwanza tuelewane ni mdudu gani. Ni yule anayesimama hewani mbele ya ua kama amening'inizwa kwa uzi, halafu anapotea ghafla. Ana mistari ya njano na nyeusi kama nyigu, watu wanamkimbia, na hana hata mwiba. Anajifananisha tu ili ndege wamwogope. Hesabu mabawa: nyuki na nyigu wana manne, huyu ana mawili. Tazama macho: makubwa, karibu yameujaza uso. Vipapasio vifupi. Hapo unaweza kusema bila woga kwamba ni nzi wa maua.

Kutoka hapo mpaka spishi ni safari nyingine. Duniani kuna zaidi ya spishi 6,000 za nzi hawa. Programu inakisia kutokana na picha ambazo watu wamekwisha kuzituma, na picha nyingi zimetoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kwa hiyo mdudu wa Kampala anaweza kupewa jina la jirani yake wa mbali anayepigwa picha kila siku. Eristalis tenax mwenyewe amesambaa karibu dunia nzima, kwa hiyo huenda mwenzetu alipatia. Kupatia kwa bahati siyo kujua. Na kuna jamii kama Paragus, vidogo sana, ambao wengi hawatofautishwi mpaka mtaalamu amchunguze dume kwa hadubini, tena kwenye viungo vya uzazi. Simu yako hata iwe ya bei gani, hapo imefika mwisho.

Basi tupige picha zinazosaidia. Siyo moja, angalau nne: juu, ubavu, uso, na bawa limefunguka mpaka mishipa yake inaonekana. Uso ndio tunausahau sana. Kwa nzi wengi wa maua, macho ya dume yanakutana juu ya kichwa, ya jike yameachana. Wale wa Eristalinus wana macho yenye madoa au mistari, na hilo peke yake linakutoa mbali. Asubuhi kukiwa bado baridi wametulia, ndiyo saa ya kuwafuata.

Mtauliza, mtu asiye na kodi ya mwezi huu anafuata nzi wa nini? Ngojeni. Kule kambini, tunakojitolea kwenye bustani za mboga, tumeona sukuma wiki zimejaa vidukari, na katikati yao funza wadogo, laini, wasio na miguu. Akina mama wakanyunyizia dawa yote pamoja, na sisi vijana wa kujitolea ndio tuliobeba bomba. Baadaye tukaelewa kwamba nzi wengi wa maua hutaga mayai palepale penye vidukari, na funza mmoja anaweza kula mamia yao kabla hajageuka kuwa nzi. Tuliua wafanyakazi wasiodai mshahara. Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kugawa chupa za dawa, gaweni kwanza karatasi yenye picha ya huyu funza. Hilo tunaliomba kwa heshima, na tunalisema wazi.

Jambo moja la usalama. Picha hubeba mahali ilipopigwa. Wengine wetu tuna sababu za kutotaka kujulikana tunalala wapi. iNaturalist inakuruhusu kuficha mahali kamili, ramani ikaonyesha eneo pana tu. Chagua hivyo kabla ya kutuma, siyo baada.

Na tusijidharau pia. Wadudu wengi wa Kongo wamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, mbali na sisi tuliozaliwa wanakotoka. Mwaka 2015 watafiti waliandika kwamba nzi wa maua wa Amerika, Toxomerus floralis, amekwisha kuingia Afrika. Hakuwa na kibali wala namba ya usajili, aliingia tu. Wageni kama huyo hugunduliwa kwa sababu mtu alitazama vizuri.

Jumamosi tunarudi kwenye ile sere nyuma ya soko, saa mbili asubuhi. Mwenye simu ya kioo kilichopasuka naye aje, mradi kamera inawaka. Mwenzetu aliyekasirika ameahidi kuja. Amesema safari hii ataanza na uso.